Barua imo kwenye simu, saini iko steshenari

*Sheria inatambua saini ya kielektroniki tangu mwaka 2015, na zana za kuiweka zinapatikana bure. Bado tunachapa karatasi ili tuiskani tena.*

Siku chache kabla ya dirisha la maombi ya kazi kufungwa, steshenari zilizo jirani na vyuo na ofisi za umma jijini Dar es Salaam hujaa vijana wenye simu mkononi. Barua ya maombi wameshaiandika, imo ndani ya simu, PDF safi. Vyeti vimo humo humo. Kilichowaleta ni sharti moja kwenye tangazo: barua iwe imesainiwa.

Basi safari ya barua huanza. “Kaka, nitumie kwenye WhatsApp ya ofisi,” husema mhudumu, na faili inahama kutoka simu kwenda kompyuta. Inaprintiwa. Kijana anaazima kalamu ya kaunta, ile iliyofungwa kamba, anasaini. Karatasi inarudi kwa mhudumu, inalazwa kwenye skana, inageuka PDF tena, inarudishwa kwenye simu ile ile ilikotoka. Karatasi yenyewe, ambayo ndiyo iliyolipiwa, huishia kwenye begi au kwenye pipa la takataka.

Faili inayorudi ni mbaya kuliko iliyokwenda. Imepinda kidogo, ina kivuli pembeni, maneno yake hayanakiliki tena, na mara nyingi ni nzito kiasi kwamba mfumo wa maombi unaikataa. Inabidi kulipia tena ili ipunguzwe.

Nimeanza na steshenari kwa sababu ndiko gharama ya kusaini waraka wa kidijitali inakolipwa hapa nchini. Akitajwa mtu asiye na programu ya kusaini, wengi humfikiria meneja ambaye kampuni yake haijanunua leseni. Mimi namfikiria mhitimu wa Nachingwea au Sengerema anayepanda bodaboda hadi mjini kwa ajili ya mstari mmoja wa wino, tena kwenye barua ambayo hakuna mtu atakayeisoma ikiwa karatasi. Utaratibu huu wa kupakua, kuprinti, kusaini na kupakia upya umezoeleka kwenye maombi ya kazi, ya mikopo ya elimu ya juu na ya usajili wa kampuni. Tumeuzoea hata hatuulizi tena unamlinda nani.

Sheria ilishasema

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, ilimaliza mjadala wa kama saini isiyo ya wino ni saini. Kifungu cha 6 kinasema pale sheria inapotaka saini ya mtu, takwa hilo linatimizwa na saini salama ya kielektroniki. Kifungu hicho hicho kinawaachia wanaoingia mkataba wakubaliane njia ya kusaini wanayoona inawafaa, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo.

Kifungu cha 7 ndicho cha kusomwa polepole. Saini huhesabika kuwa salama ikiwa ni ya pekee kwa matumizi yake, inamtambulisha aliyesaini, ameiweka mwenyewe, iko chini ya udhibiti wake, na imefungamanishwa na waraka kwa namna ambayo badiliko lolote litakalofanywa baadaye litaonekana.

Sasa ichukue ile PDF iliyotoka kwenye skana ya steshenari, uipime kwa masharti hayo. Wino ulikuwa wa kweli, lakini kilichotumwa ni picha ya wino. Mwenye simu na dakika kumi anaweza kuikata saini hiyo na kuibandika kwenye barua nyingine, au akabadili tarehe na kiasi cha fedha kilichoandikwa juu yake, na hakuna kitu ndani ya faili kitakachomshtua mpokeaji. Sharti la mwisho la kifungu cha 7 halijaguswa kabisa.

> Ofisi inayokataa saini ya kidole kwenye simu na kupokea iliyoskaniwa imekataa picha moja na kupokea picha nyingine.

Ndiyo maana naona hoja ya “tunataka saini halisi” haisimami pale waraka wenyewe unapotumwa kwa mtandao. Ofisi inayokataa saini iliyochorwa kwa kidole kwenye kioo cha simu, kisha ikapokea iliyopita kwenye skana, imekataa picha moja na kupokea picha nyingine. Tofauti ni kwamba ya pili imemgharimu mwombaji nauli.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Ile kompyuta ya steshenari hubaki na barua, wasifu, vyeti na kopi za vitambulisho vya watu wengi, vimerundikana kwenye folda moja ambayo kila mteja anayesimama kaunta anaiona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vigumu kusema inaheshimiwa wakati tunawasukuma waombaji waache nakala za maisha yao kwenye mashine wasiyoijua mmiliki wake.

Kidole kwenye kioo

Kwa nyaraka nyepesi, yaani barua ya maombi, fomu ya likizo, risiti ya kupokea vifaa au makubaliano madogo kati ya watu wanaojuana, kinachohitajika kimo tayari mfukoni.

Mwenye iPhone hahitaji kuongeza programu yoyote. Anafungua PDF, anagusa alama ya kalamu, kisha alama ya kujumlisha, anachagua saini, anachora kwa kidole. Simu inaitunza kwa matumizi ya baadaye. Mwenye Android anaweza kupakua Adobe Acrobat Reader ya bure na kutumia sehemu yake ya kujaza fomu na kusaini. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Firefox hufungua PDF na kuruhusu kuandika, kuchora na kubandika picha juu yake bila malipo. Kompyuta za Mac zina programu ya Preview inayoweza kuisoma saini kupitia kamera ukiiandika kwenye karatasi nyeupe na kuisogeza mbele yake.

Anayetaka saini yake ya siku zote, ile inayofanana na ya benki, aiandike kwa kalamu nyeusi yenye wino mzito kwenye karatasi isiyo na mistari, aipige picha kwenye mwanga wa dirisha bila kivuli cha mkono, kisha aikate pembeni ibaki saini peke yake. Picha hiyo haifai kuachwa kwenye galari pamoja na picha za harusi, wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ili mtu “akusaidie kuibandika”. Anayeipata ameipata saini yako.

La kuogopa zaidi ni tovuti zinazotangaza kusaini bure ukiwapakia faili yako. Ziko za kuaminika, na ziko ambazo humjui mwenyewe wala nchi aliyopo. Mkataba wa mshahara au hati ya mauziano ya kiwanja ukishapakiwa huko, uko kwa mtu mwingine. Zana inayofanya kazi ndani ya simu yako bila kupeleka faili popote ni bora hata ikiwa na urembo mdogo.

Saini yenye hesabu ndani yake

Kwa waraka mzito, picha haitoshi, iwe ya kidole au ya wino. Hapo ndipo penye saini ya kidijitali ya kweli, ambayo haionekani kwa macho. Nayo msingi wake si wa matajiri peke yao.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kutumia funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa chuo cha MIT nchini Marekani, wakapata hesabu ya kulitekeleza. Hesabu hiyo leo imo kwenye vitabu vya wanafunzi, na haimdai mtu ada.

Kazi yenyewe huenda hivi. Programu huusoma waraka wote na kuufupisha kuwa namba moja ndefu. Kwa njia ya SHA-256, ambayo imeenea sana, namba hiyo huandikwa kwa alama 64, uwe waraka wa ukurasa mmoja au kitabu kizima. Kwenye mkataba wa pango badili shilingi 2,000,000 kuwa 7,000,000, tarakimu moja tu, na namba inayotoka haifanani hata kidogo na ya kwanza. Namba hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa anayesaini. Mpokeaji, akiwa na ufunguo wa wazi, huifungua, huufupisha upya waraka aliopokea, kisha hulinganisha. Zikilingana, waraka haujaguswa tangu uliposainiwa. Zisipolingana, programu inasema hivyo waziwazi.

Hicho ndicho kifungu cha 7 kinachokitaka, na skana haiwezi kukitoa.

Zana zake je? Mfumo wa PDF, ulioanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ulifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, ISO 32000, hivyo mtengenezaji yeyote anaweza kuandika programu ya kuusaini. LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, ina sehemu ya saini za kidijitali kwenye menyu yake ya faili, ikiwemo ya kusaini PDF iliyokwisha kutengenezwa. Acrobat Reader ya bure humruhusu mtu ajitengenezee cheti chake mwenyewe, akakilinda kwa nywila na kusaini nacho. Ofisi yenye fundi wa mifumo na seva yake inaweza kuweka DocuSeal au Documenso, mifumo ya msimbo huria inayofanya kazi ya zile huduma zinazolipiwa kwa dola kila mwezi, DocuSign ikiwa maarufu zaidi.

> Hesabu ni ya bure, programu ni ya bure. Kinachokosekana ni mtu wa tatu anayesema: namjua huyu.

Ugumu wa kweli unaanzia hapa. Cheti nilichojitengenezea kinathibitisha kwamba waraka haujabadilishwa, lakini hakithibitishi kwamba mimi ndiye mimi. Mtu yeyote anaweza kutengeneza cheti na kukiandika jina la waziri. Mpokeaji akiufungua waraka wangu kwenye Acrobat ataona alama ya tahadhari badala ya tiki ya kijani, na karani mwoga ataishia hapo.

Kati ya watu wanaojuana, dawa ipo: namtumia mwenzangu cheti changu, nampigia simu na kumsomea alama zake za utambulisho, anahakiki, anaiambia programu yake imwamini mtu huyu. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Wafanyabiashara wawili wa Kariakoo na Mombasa wanaotumiana ankara kila wiki wangeweza kuishi hivyo miaka mingi bila kulipia chochote. Kati ya mwombaji na wizara, haiwezekani. Hapo anahitajika mdhamini anayetambuliwa na wote.

Wanaosita wana sababu zao

Si haki kuwachora mawakili na maofisa wa benki kama watu waliochelewa. Kazi yao ni kufikiria siku ambayo mambo yataharibika. Wamezoea mashahidi, kiapo, mhuri, na aliyesaini akiwa amesimama mbele yao. Kwa mzee asiyejua kusoma, dole gumba lililowekwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa lina ulinzi ambao simu ya mjukuu haina: yupo mtu wa kuuliza kama mzee ameelewa anachokubali.

Na historia ya saini za kidijitali ina mabaka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, nchini Ujerumani, walionyesha kwamba programu 21 kati ya 22 za kufungulia PDF kwenye kompyuta walizozipima zingeweza kudanganywa, zikaonyesha saini ni sahihi ilhali waraka umebadilishwa. Hesabu haikuvunjwa. Walitumia mianya ya jinsi programu zilivyokuwa zikikagua faili, na watengenezaji wakaiziba baada ya kuarifiwa. Somo kwa ofisi zetu ni la kawaida kabisa: toleo la zamani la programu, lililowekwa na fundi aliyeondoka, halifai kuwa hakimu wa saini.

Estonia, nchi inayotajwa kila mara kwenye mjadala huu, ilipata msukosuko mkubwa zaidi. Mwaka 2017 ilibainika kuwa chipu za takriban kadi 750,000 za vitambulisho vyake zilikuwa zinatengeneza funguo dhaifu, na mwezi Novemba serikali ikasimamisha vyeti vyake hadi visasishwe. Walirekebisha kwa mtandao, watu wakaendelea kusaini. Nchi isiyo na wataalamu wa kutosha ingekwama.

Kwa hiyo mizani inahitajika. Wosia, kwa mfano, sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano iliuweka nje ya mambo yanayoweza kufanywa kwa njia ya kielektroniki, na sioni sababu ya kulaumu hilo. Linalonisumbua ni kuona ulinzi uliokusudiwa kwa wosia na nyumba ukitumika kwa barua ya kuomba kazi ya muda.

Jirani ameanza

Rwanda ilitunga sheria yake ya saini na miamala ya kielektroniki mwaka 2010, Uganda ikafuata na Sheria ya Saini za Kielektroniki mwaka 2011. Kenya ilikuwa na vifungu vyake mapema, lakini hatua kubwa ilikuja Machi 2020, siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini humo, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ilipoanza kutumika. Iligusa sheria ya mikataba na hata ya usajili wa ardhi, ikaipa nafasi saini ya kielektroniki ya kiwango cha juu.

Lakini kutunga sheria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili Estonia iliifanya kwa kumpa kila raia cheti ndani ya kitambulisho chake cha taifa na programu ya kusainia, DigiDoc, bila malipo. Saini za kwanza kwa mfumo huo ziliwekwa Oktoba 2002. India ilichukua njia nyingine inayofanana zaidi na hali yetu: tangu mwaka 2015, mwenye namba ya utambulisho ya Aadhaar anaweza kusaini waraka kwa kuthibitisha utambulisho wake kwa alama ya kidole au namba ya mara moja inayotumwa kwenye simu. Hahitaji kadi ya kuchomeka wala kompyuta. Cheti hutengenezwa papo hapo kwa ajili ya saini ile.

Vipande vya kujenga kitu kama hicho Tanzania inavyo. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ina alama za vidole na namba zenye tarakimu 20. Tangu Mei 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Mama lishe anayelipia unga kwa simu huthibitisha malipo kwa namba ya siri, na hakuna anayemwambia aje na karatasi kuthibitisha kwamba alikubali fedha zake zitoke. Sheria ya 2015 yenyewe ina sehemu nzima inayohusu watoa huduma za vyeti. Anachokosa mwananchi ni huduma moja, ya bei ya ujumbe wa simu au bure kabisa, inayounganisha vipande hivyo na kumpa mpokeaji ile tiki ya kijani.

Tusipoijenga wenyewe, itajengwa na wafanyabiashara kwa ajili ya wanaoweza kulipia. Benki na kampuni kubwa zitasaini kwa sekunde, na mhitimu wa Nachingwea ataendelea kupanda bodaboda.

Kabla ya hapo

Kuna mambo yasiyosubiri mfumo wowote. Mkuu wa rasilimali watu anaweza, kwenye tangazo lake lijalo, kuongeza mstari mmoja: saini iliyochorwa kwenye simu inapokelewa. Mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuandika ndani ya mkataba wao, kama kifungu cha 6 kinavyowaruhusu, kwamba watasaini kwa njia fulani na kutumiana nakala kupitia barua pepe fulani, kisha kila mmoja akaitunza barua pepe ile pamoja na tarehe yake. Barua pepe hiyo itasaidia mahakamani kuliko picha ya wino isiyojulikana ilitoka kwa nani na lini.

Msomaji naye, kabla ya kutoka nyumbani kwenda kuprinti, aiulize ofisi husika kwa maandishi kama inapokea saini ya simu. Nyingi hazina katazo lolote lililoandikwa. Ni mazoea tu, na karani akiulizwa kwa maandishi hulazimika kuutafuta mwongozo.

Kuhusu maombi ya kazi, sioni hasara ambayo mwajiri angeipata. Anayeitwa kwenye usaili huja na kitambulisho na vyeti vyake halisi, ofisi ikahakiki sura na majina. Kama wino unahitajika, atasaini hapo hapo mezani, mbele ya macho yao, na wale mamia ambao hawakuitwa watakuwa hawajatumia hata senti kuprinti.